Mama Ambaye Hukumuaga

Mwanangu Masanja,

Wewe umekwenda Kirumba kuwaaga mafundi wenzako, na shangazi yuko uani anafunga michembe, vile viazi vyake vya kukausha, kwenye mfuko mwingine tena, kana kwamba huko Ghuba unakokwenda watu hawali. Nimebaki peke yangu chumbani. Jua bado lipo, sijawasha taa. Nimeona nikuandikie sasa, kabla hujarudi na kelele zako, kwa sababu kesho asubuhi sitaweza kusema neno. Ukifika mwisho utajua ni kwa nini. Barua nitaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lako, ule niliokushonea tundu, nawe utaiona ukiwa umeshafika mbali.

Mtu asiyetujua akiiokota atasema mwandishi kachanganyikiwa. Msichana wa kidato cha tatu anamwitaje baba yake mzazi mwanangu? Lakini wewe na mimi tunajua. Bibi Kabula, mama yako, alifariki mwaka ule ule niliozaliwa, mimi nikiwa bado tumboni, na jina lake nikapewa mimi. Ni jina la mvua, ingawa mimi nilikuja kiangazi, wakati hata mchicha wa Mkuyuni unauzwa kwa kubembelezana. Kwetu jina haliji peke yake. Linakuja na heshima yake na watoto wake. Kwa hiyo tangu nikiwa mchanga uliniita mama, na shangazi naye, mdogo wako, akaniita mama, hata siku aliyokuwa ananichapa kwa kumwaga uji: "Mama, nisamehe, lakini leo utanitambua."

Nilipojua kusema, ukirudi kazini ulikuwa unasimama mlangoni na mikono yako yenye grisi, unasema, "Shikamoo, mama." Nami najibu, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Majirani walikuwa wanakuja kusikiliza hilo tu. Mama yangu mzazi alikuwa anasema, "Jamani, nani atamwogesha mama mkwe wangu leo? Mimi namwogopa." Na alipofariki, nikiwa darasa la pili, ulikaa sakafuni ukaweka kichwa chako kwenye magoti yangu ukalia. Sikujua cha kufanya. Nilikushika kichwa, kwa sababu ndivyo nilivyowaona watu wazima wakifanya msibani. Ulikuwa mzito. Nakumbuka uzito wako kuliko ninavyokumbuka machozi yangu mwenyewe.

Nilipoingia sekondari nikaacha. Siku moja wenzangu wa darasani walikuja kuchukua daftari, ukaingia, ukasema mbele yao, "Shikamoo, mama," nami nikajibu kwa sauti ndogo, "Karibu, baba." Ulikwenda kunawa. Tangu siku ile wewe umeendelea kuniita mama na mimi nikaendelea kukuita baba, kila mmoja na lake. Leo nimerudi kwenye jina langu.

Habari za kula na kuvaa sitakuandikia. Shangazi ameshasema yote, mengine ameyarudia mpaka umemwambia atulie. Busara ya mama mimi sina, sijaishi vya kutosha. Nilichonacho ni makosa ya mwalimu, na hayo ndiyo nataka uende nayo.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulirudi na habari kwamba kuna karakana ya boti huko Ghuba inatafuta fundi wa injini, ila lazima aongee Kiingereza, kwa sababu mafundi wengine wanatoka India na Ufilipino, na hicho ndicho wanachoelewana kwacho. Ukasema, "Mama, nifundishe." Nilifurahi mno, sitakuficha. Darasani huwa sinyooshi mkono hata nikijua jibu. Nikiitwa, sauti inanikauka. Halafu mtu mzima, fundi ambaye wavuvi wa Mwaloni wanamsubiri kwa foleni, anakaa mbele yangu kwenye benchi na kuninyooshea mkono.

Ulinipa mfuniko wa sanduku lako la spana uwe ubao, na chaki ukazitafuta mwenyewe. Nikaanza na yale maneno madogo. Nilikuambia kwamba sisi tukisema "ziwani" tumemaliza. Boti iko ziwani, samaki yuko ziwani, Mwaloni kuko ziwani, na msikilizaji anajijazia mwenyewe. Mwingereza hakubali. Anataka ujue kitu kimekaaje. Boti ni on the lake, kwa sababu iko juu ya maji. Samaki ni in the lake, yuko ndani. Mwaloni ni by the lake, kando.

Ukauliza, "Spana yangu iliyozama mwaka jana?"

"In the lake."

"Na mimi niliyesimama pale nikiililia?"

"By the lake, baba."

"Na yule kijana aliyeidondosha, niliyemsukuma?"

"Into the lake. Huyo alitoka nje akaingia ndani."

"Alitoka pia," ukasema. "Out of the lake, mbio." Ukacheka mpaka benchi likatikisika, ukasema hawa watu wanapima kila kitu kama mafundi, tena ukasema ni lugha nzuri kwa injini. Ulikuwa sahihi. Siku ya pili yake ulikuwa unatembea humu ndani unazungumza peke yako: the cup on the table, the bucket behind the door, the girl with the chalk. Nilikuonyesha kwamba maneno hayo yanakaa nyuma tu ya kitu unachokitaja, karibu nacho, ili msikilizaji asikosee ni kipi. The engine under the plastic siyo sawa na the engine next to the wall. Ukielewa hivyo, umeshaweza kumtuma mtu akuletee kitu asirudi na kingine. Kazini mengi ni hayo.

Kisha tukaingia kwenye ile "ambaye". Hapo ndipo ulipokwama, na ulipokwama wewe ndipo nilipokosea mimi.

Lugha yetu inakimezesha kitenzi neno hilo. Injini niliyoitengeneza. Ile "yo" imo tumboni mwa neno, na ile "i" ya injini imo humo humo pamoja nayo. Kiingereza hakimezi. Kinaweka neno lake nje, mlangoni, kabla ya kitenzi: the engine which I repaired. The man who called me. Na likishakaa hapo mlangoni, halihitaji jingine ndani. Lakini ulimi wako ulizoea ile "i" yetu, ukawa unairudisha kila mara: the engine which I repaired it. Nikasema, "Baba, toa it." Ukatoa. Sentensi iliyofuata ikarudi. "Hii it," ukasema, "ni kama mbuzi wa jirani. Unamfukuza huku, anaingia kule."

Kosa langu nililifanya baada ya hapo. Nilikufundisha jinsi kitabu kinavyosema, siyo jinsi watu wanavyosema. Nilikukaririsha the man with whom I work, the boat on which I work. Ulivaa maneno yale kama suti ya kuazima. Siku ilipofika, yule bwana wa karakana akakupigia kwa simu ya picha, ukiwa Mwaloni mbele ya injini ili akuone kazini. Nilikuwepo pembeni, nimeshika mwavuli ili jua lisiharibu picha. Akauliza haraka, kama mtu yeyote anavyouliza, "The engine you're standing next to, what's wrong with it?"

Ukasubiri aendelee. Akarudia. Ukasema, "Yes, sir." Akashukuru, akasema atawasiliana tena.

Njiani kurudi nilikuuliza ilikuwaje, wakati maneno yale yote unayajua. Ukanijibu taratibu, bila kunilaumu, "Nilikuwa nasubiri ile which yako, mama. Haikuja."

Ilikuwa kweli haikuja. Watu katika mazungumzo ya kila siku wanaiacha. Kama anayetengeneza ni mimi na kinachotengenezwa ni injini, wanasema the engine I fixed, basi. Na yale maneno madogo, with na next to na on, wanayaacha mwishoni yamesimama yenyewe: the man I work with, the bench I sit on. Kitabu changu kilikuwa kinayaogopa hayo. Mimi pia nilikuwa nayaogopa, kwa sababu mimi ni mtu wa vitabu na watu halisi wananitisha.

Sasa nikuambie jambo la pili. Usiku ule ulilala bila kula, nami nililala nikiwa na furaha. Nilifikiri, basi, haendi. Tutabaki wawili hapa Mkuyuni, atarudi jioni na grisi yake, mwakani nitafanya mtihani akiwa mlangoni. Nilikaa na furaha hiyo siku kadhaa. Halafu nikakusikia asubuhi unapiga mswaki pale nje, unajisemea polepole, "The engine… you are standing… next to," unatafuta ile which mahali ambapo haipo. Sikuweza. Nikaazima simu ya mama mwenye nyumba nikaanza kusikiliza watu wanaoongea, siyo wanaosoma, na jioni nikakuambia, "Tuanze upya. Hii inaruka. Sikiliza inavyoruka." Kila nilichokufundisha vizuri baada ya hapo kilikuwa kinakusogeza mbali na mimi, na nilikuwa najua.

Kosa kubwa ni la siku ya chaki.

Nilikuwa nimekuambia uandike sentensi moja yako mwenyewe, isiyokuwa ya injini. Ya kitu cha kweli. Ulikaa muda mrefu umeinamia ule mfuniko, ukaandika kwa herufi zako kubwa:

I have a mother who I did not say goodbye to her.

Nikasoma. Na mimi, mwanangu, nikaona her. Nikasema, "Yule mbuzi amerudi." Nikaifuta kwa kidole. Kisha nikasema, "Na hapa ni had, baba. I had a mother. Alishafariki."

Ukanitazama. Ukasema, "Hapo niachie, mwalimu. Have. Ninaye, amekaa mbele yangu ananifutia chaki."

Nikacheka. Halafu ukaanza, kwa Kiswahili, "Siku ile mama yangu alikuwa amelala…" nami nikakukatiza. Nilisema, "Kwa Kiingereza! Tumekubaliana, jioni ni Kiingereza tu." Nilisema kama walimu wanavyosema, kwa kidole. Ukafunga mdomo. Ukasema, "Sawa, mwalimu. Labda siku nyingine." Ukafunga na sanduku.

Mama wa kweli angesikia sentensi. Mimi nilisikia kosa.

Yule bwana alipopiga tena ulimjibu kila kitu. Ulimwambia the noise you're hearing is from the pump, ukamwonyesha pampu, akacheka, mkacheka wote kama mafundi wa kijiwe kimoja. Nikajua imeisha. Umepata.

Jumapili shangazi alikuja kutoka Usagara. Tukala ugali na sato, ukanawa, ukavaa shati safi, nikashangaa unavaa shati la kwendea kanisani wakati kanisani tumesharudi. Ukaja ukapiga goti mbele yangu. Ukaweka kikombe cha maji mezani. Ukasema, "Mama, nimekuja kuaga. Nipulizie."

Shangazi akaacha kuosha vyombo. Nilikiona kile kikombe. Nilijua ni cha nini. Nimeona wazee wa kwetu, anayesafiri anakwenda kwa mama yake, mama anachukua maji mdomoni anampulizia usoni na kifuani, ndipo anaondoka. Nilijua kabisa.

Nikakichukua kikombe nikayanywa maji yote.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama alikuwa na kiu! Masanja, mama yako alikuwa na kiu, mletee na soda!" Wewe nawe ulicheka, ukainuka, ukafuta goti. Shangazi akasema mwache, mtoto ana aibu. Ukasema, "Ana aibu, ndiyo. Basi." Hujaniomba tena.

Sikuwa na aibu tu. Nilifikiri kama maji yako tumboni mwangu, huwezi kuondoka.

Ulipotoka kwenda kuangalia tiketi, nilimsaidia shangazi kusuuza vyombo, nikamuuliza ulitaka kusema nini siku ile ya chaki. Akasuuza bakuli kwanza. Halafu akanisimulia. Kwamba ulipoitwa kisiwani kutengeneza injini ya kambi ya wavuvi, ulipitia nyumbani Usagara kuaga, ukamkuta bibi amelala. Alikuwa amekohoa usiku kucha, ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Ukasimama mlangoni. Ukasema, "Nisimwamshe. Safari yenyewe fupi." Ukaenda bila maji. Injini ikakushikilia, kisha upepo ukazuia boti, na uliporudi ulikuta udongo umeshamfunika.

"Aliposikia mkewe ana mimba ya mtoto wa kike," shangazi akasema, "kaka alisema jina lijulikane kabla hajazaliwa. Alikuwa anakusubiri wewe. Alikuwa na salamu ya kukupa."

Nilishika sahani ile ile mpaka akaninyang'anya.

Kwa hiyo miaka yote ile, kila jioni mlangoni, "Shikamoo, mama," haikuwa mchezo. Au ilikuwa mchezo ambao wewe ulikuwa unaufanya kwa moyo wako wote na mimi nikauacha kwa sababu ya wenzangu wa darasani.

Leo mchana nimefungua sanduku lako. Unaliacha, umesema huko wana vyombo vyao. Ile sentensi bado ipo kwenye mfuniko. Hukuifuta. Have yako ipo, na mwisho wake pana alama ya kidole changu, nyeupe, mahali ambapo her alikuwa. Kwa Kiingereza iko sawa sasa. Inaishia na to, na yale maneno madogo nilikufundisha kwamba yanaweza kusimama mwishoni peke yake, watu wanaelewa. Nimeitazama sana. Sijaigusa.

Basi nimemwomba shangazi anifundishe. Maneno anayajua, bibi alimpulizia yeye siku anaolewa. Kwanza maji, halafu maneno. Maneno yenyewe ni machache: Nenda, njia ikujue, urudi na sauti yako. Nimefanya mazoezi kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza maji yalinimwagikia kidevuni. Mara ya pili yakanipalia. Mama mwenye nyumba akapita na ndoo, akasimama. "Kabula, unaosha mawe kwa mdomo? Mjini kuna mabomba!" Siku nyingine ningekimbilia ndani. Leo nimemwambia, "Namuaga mwanangu, mama." Akanitazama, akaweka ndoo chini, akasema, "Basi usipulize hivyo, unamtemea. Jaza mashavu. Achia kama unazima kibatari." Ikakubali.

Kesho asubuhi usiniombe. Umeshaomba, na mama haombwi mara mbili. Nitakuja mlangoni na kikombe, utapiga goti au utasimama, vyovyote, wewe ni mrefu lakini nitafika. Shangazi akicheka mwache acheke.

Ukifika, nitumie sentensi moja tu. Nimekuanzia: I have a mother who. Imalizie unavyotaka. Na yule mbuzi akirudi, safari hii mwache alale ndani. Sitamfukuza.

Sasa nasikia sauti yako huko barabarani, unaagana na mtu kwa Kiingereza ili asikie yeye na mtaa mzima. Nafunga haraka. Nimekuandikia yote haya leo kwa sababu kesho mdomo wangu utakuwa umejaa maji, na nimegundua pale kwenye jiwe kwamba mtu mwenye maji mdomoni hawezi kusema "usiende". Nikishayaachia, yatatoka yale machache ya bibi tu.

Ukiwa unasoma hapa, shati lako litakuwa limeshakauka.

Marahaba, mwanangu.

Mama yako,
Kabula